Uliza Konda: Juu ama Chini?

Barua za mwezi huu zimejaa hadi mlangoni na karibu zote ni za watu wamepotezwa na gari ama wamepotezwa na ofisi, ambayo kwa Nairobi ni kitu kimoja. Kama wewe ni mgeni kwa hii kona yetu, mimi nilining'inia mlango wa matatu ya 58 ya Buruburu miaka kumi na moja mpaka magoti yakakataa, kwa hivyo nikikujibu jua nimeona. Haya, dere amewasha, tuingie.

*Habari Konda. Mimi nafanya kazi kwa godauni karibu na Bellevue na nakaa Mlolongo. Juzi asubuhi nimepanda matatu kama kawaida yangu, sijakaa vizuri naona tunapanda ile barabara ya juu, konda anakusanya pesa na ameongeza fifti, nikamwambia mimi nashuka Bellevue, akacheka akasema "mathe, Bellevue iko chini, sisi tuko juu." Nikabebwa hadi Haile Selassie, nikalipa gari ingine ya kunirudisha, kazini nimefika saa tatu kasoro na supavaiza akanikata nusu siku. Hiyo ni haki kweli? Mama wa Mlolongo.*

Pole sana mama yangu, na huyo kijana angekuwa skwodi wangu, yaani wa kunishikilia kazi, hiyo siku ingekuwa ya mwisho kushika mlango.

Ile Expressway ni kilomita 27 hivi, kutoka hapo kwenu Mlolongo mpaka Westlands, ilifunguliwa 2022, na kitu watu wanasahau ni kwamba huko juu hakuna steji. Hakuna! Gari ikishapita pale kwa geti ya kulipia ni mpaka itokee kwa njia ya kushuka yenye dereva amechagua, na dereva anachagua ile inamfikisha tao haraka, hajali wewe godauni yako iko wapi. Bellevue umeipita ukiiangalia kwa dirisha. Halafu hiyo fifti, hapo nitamtetea kidogo, huko juu kila gari inalipa kulingana na aina yake na umbali imeenda, na hiyo pesa tajiri mwenye gari hatoi kwa mfuko wake, inatoka kwenu. Serikali haipangi nauli ya matatu, sacco ndio wanapanga, ndiyo maana mvua ikidondosha matone matatu tu ile ya themanini inakuwa mia na hamsini na hakuna mtu anashikwa.

Lakini kuongeza nauli ni kitu kingine na kunyamaza ni kitu kingine. Konda anafaa kusema kabla hujaweka mguu ndani. Kwa hivyo ukifika steji usianze na "ni ngapi", anza na "juu ama chini?" na uulize ukiwa bado umesimama nje, kwa ile sauti ya kuita mtoto akicheza mbali, ndio abiria wengine wasikie amejibu nini. Akikudanganya uko na mashahidi kumi na watatu. Chukua namba ya gari na jina la sacco, limeandikwa hapo ubavuni, upeleke kwa ofisi ya sacco kwanza. Nasema hivyo juu najua: leseni zao ziko mikononi mwa NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mwenyekiti wa sacco akisikia hilo jina usingizi unaisha. Trafiki wa barabarani, wacha tu.

Na uangalie nguo pia. Konda ni maroon, dereva ni bluu, hiyo imekuwa sheria tangu waziri Michuki azinyooshe matatu 2004 na mikanda na ile laini ya manjano. Ukipata mwenye anakusanya pesa amevaa jezi ya Arsenal huyo ni skwodi, ameshikilia konda mwenyewe akale, kesho hajui kama atakuwa kwa hiyo gari ama ingine, sasa malalamiko yako yatamfanya nini? Panda ya mwenye amevaa.

*Niaje Konda. Mimi ni fresha nimetoka Kitui juzi, nakaa Roysambu. Kuna steji hapa Thika Road inaitwa Drive-In, nimeuliza watu wanne hiyo sinema iko wapi nipeleke mtu huko wikendi, wote wananiangalia tu. Na swali la pili, Githurai 44 iko, Githurai 45 iko, hizo zingine arobaini na tatu ziko wapi? Fresha wa Roysambu.*

Nimecheka mpaka chai ikamwagikia barua yako. Kijana, huyo mtu mpeleke Arboretum mkakae kwa nyasi.

Hiyo sinema ilikuwa ya ukweli, watu walikuwa wanaingia na magari yao, wanaegesha wakiangalia skrini kubwa huko mbele, watoto nyuma na blanketi, lakini ilikufa zamani likabaki jina kwa mdomo wa makanga. Na si hiyo peke yake. Bellevue ya mama wa hapo juu ilikuwa sinema ya magari vilevile. Odeon pale Tom Mboya, sinema. Globe yenye ilipatia raundabauti jina, sinema. Shan ya Ngara, sinema, hiyo angalau ilipata bahati ikawa Sarakasi Dome. Yaani huu mji ukizika sinema unapanda steji juu ya kaburi. Si sinema pekee hata, OTC ni kampuni ya mabasi yenye ilishaisha, na Allsopps pale Outering inakutana na Thika Road ilikuwa kiwanda cha bia, so ukiambiwa ushukie Allsopps usishuke na kiu. Ukienda Kariokor ujue ni wale wapagazi wa Vita ya Kwanza, Carrier Corps, ulimi ukapindua, hata Dar wako na Kariakoo yao. Mimi nimeita hayo majina miaka kumi na moja na mengi sikuwa najua ni ya nini, niliyakuta yakiitwa nikaita.

Sasa Githurai. Mabasi ya Kenya Bus yalianza Nairobi 1934 na hizo namba za ruti ni zao. Matatu zilikuja baadaye kwa wizi wizi, nauli ikiwa mapeni matatu, zile sarafu za senti kumi ukihesabu tatu, ndiyo jina lilitoka hapo, mpaka 1973 Mzee Kenyatta akasema ziachwe zifanye kazi bila kuhangaishwa na mambo ya leseni. Zikachukua ruti na zikachukua namba pia. 8 Kibera, 46 Kawangware, 58 kwetu Buruburu, 111 Ngong, 237 Thika. Githurai watu wakawa wanasema "mimi nakaa ile ya 44", "mimi ile ya 45", upande huu wa barabara na upande ule, mwishowe gari ikageuka mtaa. Hizo zingine zilibaki kuwa gari tu, usizitafute. Ila shika hii kwa kichwa: 44 ni Nairobi na 45 sehemu kubwa ni Kiambu, kwa hivyo ukitafuta nyumba ya bei rahisi ukavuka daraja umebadilisha gavana.

Ah, na usinunue ramani kwa mtu. Kuna watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walipanda matatu na simu mkononi wakinakili kila steji, ruti zaidi ya 130, ramani ikatoka 2014 na mwaka uliofuata zikaingia kwa Google Maps. Ilikuwa kazi safi na mimi naipenda. Shida ni steji za tao, hizo ziko na miguu. Desemba 2018 tuliamka asubuhi tukaambiwa matatu zisiingie tao kabisa, mji mzima ukatembea, wamama na watoto mgongoni, watu na masanduku, haukupita muda agizo likasimamishwa. Ukipotea uliza mama wa kuuza maji kwa chupa. Usiulize kamagera, yule wa kuita abiria, huyo atakupakia kwa gari yenye iko tupu hata kama haiendi kwenu.

*Bwana Konda, sisi ni wapangaji wa barabara moja ya ndani hapa Umoja 2 na tumekaa giza tangu mwaka jana. Taa tisa, zote zimezima. Ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili, ya pili ikasema nguzo ni zao lakini balbu si zao, ya tatu ikasema tulete barua, tukapeleka, ikapotea. Wamama wa mboga wanafunga saa moja jioni na watu wa nduthi wanakataa kuingia. Tufanye nini? Mwenyekiti wa ploti.*

Mwenyekiti, mmezungushwa kama gari ya asubuhi kwa raundabauti ya City Stadium. Hii barua nimeirudia mara mbili juu inaniuma, kwetu pia tuliipitia.

Barabara za Nairobi ziko na baba wengi na kila baba anasema mtoto si wake. Kuna sheria ya 2007 yenye iligawa: zile kubwa za kutoka mji kwenda mji ziko chini ya KeNHA, hapo weka Thika Road na Mombasa Road. Kuna za mjini zenye KURA inashika, Outering ni mfano, Ngong Road pia. Halafu hizi zetu za ndani ya mtaa, zenye zikiwa na shimo kuku wanaoga, hizo ni za kaunti, kanjo. Na taa za barabarani zimetajwa kabisa kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, kwamba ni kazi ya kaunti, pamoja na mitaro ya maji ya mvua na mambo ya maegesho. Kwa hivyo mtu akiwaambia balbu si zake mwulizeni kwa upole ni za nani basi, na aandike hilo jibu.

MCA, yule mwakilishi wenu wa wadi, msimsumbue sana. Anaweza kupiga kelele kwa bunge la kaunti na kupigania bajeti, na kelele yake inasaidia, lakini hana kreni wala balbu. Nendeni kwa msimamizi wa wadi. Nairobi iko na wadi 85 na kila moja iko na ofisi, hata kama hiyo ofisi ni kontena. Nendeni watatu na muende na barua mbili zinazofanana, moja mnaacha, ingine wanagonga muhuri mnarudi nayo. Barua ya kwanza ilipotea juu hamkuwa na ya pili, nabahatisha lakini najua nimepata.

Kwetu kitu kilifanya kazi si barua hata, ni mchoro. Kijana mmoja wa ploti alichora barabara kwa karatasi ya daftari, hapa duka la gesi, hapa kanisa, hapa kinyozi, taa ya kwanza mpaka ya kumi na moja, zenye zimekufa akaweka msalaba. Tulikuwa tumeandika "taa zimezima mtaani" mara tatu na hakuna mtu alikuja, sasa fundi wa watu ataanza wapi? Tulipopeleka mchoro walikuja wiki ya pili. Wakatengeneza nane. Tatu bado mpaka leo, moja iko mbele ya mlango wangu.

Mkinyamaziwa, tumieni ile sheria ya 2016 ya kupata habari. Andikeni barua fupi, hapo msilalamike kitu, ulizeni tu: nani anashughulikia taa za barabara yetu, na zimewekewa pesa mwaka huu wa bajeti ama bado? Wanafaa kuwajibu ndani ya siku 21. Wasipojibu mnapeleka kwa tume ya haki za kiutawala, yenye watu wanaita Ombudsman, na hiyo karatasi yenye muhuri ndio tiketi yenu. Mambo ya kupiga picha na kutukana mtandaoni pia yanasaidia saa zingine, sikatai, lakini picha haina muhuri.

Na wakiwaambia watawaletea mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, moja kubwa badala ya hizo tisa, fikirieni kwanza. Mulika mwizi inaangaza paa za mabati vizuri sana, lakini pale chini kwa uchochoro mama anapita bado ni kivuli, na ikizima imezima ya wote.

*Konda, mtoto wangu ana miaka kumi na miwili na anatumia kiti cha magurudumu. Kila tukienda kliniki konda anaitisha nauli ya watu watatu, mimi, yeye na kiti. Na gari nyingi wakituona hazisimami kabisa. Mama wa Kayole.*

Mama, hapa sina mzaha. Hii nimeifanya mimi mwenyewe. Ilikuwa jioni pale Muthurwa, mzee mmoja na kijana wake, nikaitisha ya kiti, akatoa pesa bila neno, na wakishuka akaniambia asante. Mpaka leo hiyo asante haijanitoka.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma. Kiti cha huyo mtoto ni miguu yake, na miguu hailipiwi. Lipa za watu wawili, akibishana mwambie abiria wote wasikie ni ya kiti anaitisha, konda anaogopa gari nzima ikimgeukia kuliko anaogopa karao. Ila sitakudanganya, gari zetu hazikuundwa na mtu kama yeye kichwani, zile ngazi ni za kuruka. Kama kliniki inaweza kuwaweka katikati ya asubuhi, kuanzia saa nne, ombeni hiyo, saa hizo gari zinabembeleza abiria. Pandieni mwanzo wa ruti, pale gari imesimama ikingoja kujaa, haiwezi kuwakimbia. Na chagua basi kubwa, ile ya abiria kumi na nne kiti kikikunjwa hakuna mahali kinaingia isipokuwa mapajani mwa mtu.

Mabasi ya BRT, yale ya mwendo kasi na laini yao, yenye mlango ungekuwa sawa na jukwaa, bila ngazi, hayo ndio yangemfaa. Thika Road walipaka laini nyekundu ya BRT 2018. Rangi ilianza kufutika kabla basi lije. Mkivuka huko tumieni daraja la juu hata kama ile rampu ni ndefu kama safari ya Thika yenyewe.

*Naitwa Kandideti, niko Jericho, chumba kimoja tuko watano na jirani ana spika. Nisome wapi?*

Kuna maktaba ya Makadara hapo karibu na wewe, na ya Kaloleni ukitembea kidogo. Hizo ni matawi ya McMillan, ile ya tao yenye simba wawili wa mawe kwa mlango pale Banda Street. McMillan ilifunguliwa 1931 na mpaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma, kwa hivyo ukikaa huko kaa vizuri, nyoosha miguu. Kaloleni na Makadara zilikuwa zimechakaa vibaya, zikarekebishwa na watu wa shirika la Book Bunk, Kaloleni ikarudi 2020, na kusema ukweli ukiingia unaweza kudhani umepotea mtaa. Buruburu pia iko na ya serikali ya kitaifa. Enda mapema lakini, mkikaribia mtihani viti vinaisha kama gari ya mwisho ya Ijumaa. Na huyo wa spika, ongea na caretaker wa ploti, mimi hapo siwezani.

*Konda swali fupi na ni la haraka. Nikibanwa tao niende wapi? Msomaji anayetembea haraka.*

Jeevanjee iko, Aga Khan Walk iko, na steji kubwa nyingi utapata. Nyingi zimekuwa za kulipia, sarafu tu, na usilie, mimi nakumbuka vile vyoo vya kanjo vya bure, ulikuwa unaingia na viatu vyeusi unatoka hujui rangi. Sasa kuna maji, kuna mtu anapiga deki. Usiingie hoteli na kujifanya unatafuta mtu, hao waita wanatujua. Beba tu sarafu, kwa mfuko wa mbele, juu huyo mama wa hapo mlangoni hana chenji ya elfu na hatakubali umwambie unarudi.